Wakuu, ampu ya valvu au ya klasi D? Jumamosi natakiwa dukani

Chumba Kimoja: Habari za jioni wakuu. Nina ampu ndogo (mashine ya kukuza sauti) ya klasi D, hizi za kisasa za chipu, wati 50 kila upande, nasikilizia taarabu. Juzi dukani muuzaji akachomeka ya valvu, zile taa za kioo za redio za zamani, hapo hapo zikawaka rangi ya chungwa na kinanda kikajaa duka zima. Yangu ikabaki kavu kama dagaa. Silali. Je, valvu ni tamu kuliko klasi D? Bei laki tisa.

FundiRedio77: Una spika gani?

Chumba Kimoja: Za kawaida tu mkuu. Naulizia ampu.

Mzee wa Kanda: Marehemu baba alikuwa na redio ya valvu, Tanga. Paka alilala juu yake kwa lile joto. Sauti ile hamtaisikia tena, nyie mmelelewa na simu.

Mama Wawili: Laki tisa! Kodi umelipa?

FundiRedio77: Nimeuliza spika.

Chumba Kimoja: Haya. Omu 4, desibeli 84.

FundiRedio77: Ulikuwa unaficha hilo! Spika hizo ni nzito kusukuma: omu 4 zinavuta umeme mwingi, na desibeli 84 ni sauti ndogo kwa umeme unaozipa. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, sasa valvu, tuseme ya wati 10, itafika wapi? Tena valvu nyingi hazizishiki spika sawasawa, besi inapanda na kushuka kwa kufuata omu za spika. Sehemu ya huo utamu ni hiyo. Na dukani mlisawazisha sauti? Unapiga toni moja, unapima volti kwenye waya za spika, ampu zote mbili zilingane. Moja ikizidi kidogo tu, sikio litasema ndiyo tamu.

Chumba Kimoja: Volyumu alishika muuzaji. Lakini sikio langu nalijua mwenyewe. Halafu nimeshatanguliza laki tatu, na hazirudi.

Mama Wawili: Kumbe umeshaoa, ndiyo unaleta posa.

Kijiwe Nongwa: Mnakunywa chai, na sukari mmeongeza wenyewe. Rudieni kusoma: kachomeka, ikapiga hapo hapo. Valvu mpaka zipate moto! Huyu hajakanyaga duka lolote.

Mzee wa Kanda: Kweli. Ya baba ukiiwasha unanawa kwanza, ndipo mtangazaji anatokea.

Chumba Kimoja: Sidanganyi jamani! Niliinyanyua mwenyewe kwa mkono mmoja, nikachungulia.

FundiRedio77: Mkono mmoja? Ya valvu ina transfoma za chuma, inavunja kiuno. Uliona nini chini ya valvu?

Chumba Kimoja: Kila moja ina kitaa kidogo cha chungwa.

FundiRedio77: Pambo hilo ndugu yangu. Kama ilipiga papo hapo, muziki haupiti kwenye valvu kabisa. Ndani kuna chipu, na siajabu ni klasi D kama yako.

Mama Wawili: Mke mwenza ni pacha wake 😂

Chumba Kimoja: Sasa mbona ilikuwa tamu?

Mzee wa Kanda: Volyumu alishika nani, mwanangu?

Chumba Kimoja: …Mita ya kupimia volti inauzwaje?