Safari ya meli Bahari ya Mediterania: tujipangie matembezi ya bandarini au tununue ya kampuni?

Mwenda_Pole (Dar es Salaam)

Ndugu zangu, salamu kwenu. Mwezi Juni mwakani, Mungu akipenda, mimi, mke wangu, mwanetu wa miaka 12 na mama yangu mzazi, ambaye amevuka miaka sabini na magoti yake hayamruhusu tena kutembea mwendo mrefu, tutapanda meli ya kitalii mjini Barcelona kwa safari ya wiki moja. Meli itapitia Marseille, Livorno, Civitavecchia (bandari ya kwendea Roma), Napoli na Valletta kule Malta, na baada ya siku moja nzima ya kuwa baharini itaturudisha Barcelona.

Kampuni ya meli inauza matembezi katika kila bandari, lakini bei hutozwa kwa kila mtu, na tukiijumlisha kwa watu wanne na bandari tano tunakaribia nauli yenyewe ya meli. Mke wangu anaona tujipangie wenyewe kwa treni na magari ya kukodi. Mimi nina hofu ya kuachwa, kwa kuwa nasikia kwamba walionunua matembezi ya kampuni husubiriwa wakichelewa, ilhali aliyejipangia mwenyewe hubaki gatini na mizigo yake inaondoka. Naomba waliowahi kupita njia hiyo wanieleze ni bandari zipi ambazo familia ya namna yetu inaweza kujitegemea, na ni zipi ambazo ni afadhali kulipa. Sisi sote tuna pasipoti za Tanzania.

Bint_Lamu (Bologna)

Kaka Mwenda Pole, hofu yako ina msingi, ila watu wengi huipima kwa kipimo kisichofaa. Huuliza mji uko umbali gani kutoka gatini, na kumbe swali la kwanza ni hili: meli ikiniacha hapa, bandari inayofuata nitaifikiaje? Ukiitazama ratiba yako kwa jicho hilo utaona kwamba bandari zako tano hazilingani hata kidogo.

Chukua Livorno. Bandari inayofuata ni Civitavecchia, na miji hiyo miwili imo kwenye reli moja ya pwani iendayo Roma, kwa hiyo aliyeachwa Livorno ataifuata meli kwa treni. Aliyeachwa Civitavecchia atapanda treni hadi Roma, na kutoka hapo treni ya kasi hufika Napoli kwa saa moja na dakika chache. Ni usumbufu na ni gharama, lakini si balaa. Marseille ni ngumu zaidi, kwa sababu kwenda Livorno kwa reli ni kupita Nice, kuvuka mpaka Ventimiglia na kuuzunguka mwambao wote wa Genova, safari ya kutwa. Ya kuogopwa hasa ni Napoli, maana baada yake meli inakwenda kisiwani: itawabidi kununua tiketi nne za ndege kwa bei ya dharura, au kuteremka hadi Pozzallo, kusini kabisa mwa Sicilia, kutafuta boti ya Malta. Valletta nayo ni kisiwani, lakini inafuatwa na ile siku ya baharini, hivyo mtapata nafasi ya kupanda ndege hadi Barcelona na kuingojea meli.

Hata hivyo, Marseille msimlipe mtu, maana mtabaki mjini humo humo. Meli kubwa hufunga gati kilomita kadhaa kaskazini mwa mji, basi chukueni teksi au basi la abiria wa meli, mtembee Vieux-Port, yaani bandari ya zamani, na mkipenda mpande basi namba 60 linalokwea hadi kanisa la Notre-Dame de la Garde juu ya kilima.

Livorno ni bandari ya mizigo na abiria hawaruhusiwi kutembea kwa miguu ndani yake, kwa hiyo mtatolewa kwa basi hadi katikati ya mji, kisha teksi hadi stesheni ya Livorno Centrale. Pisa ni kama dakika 20 kwa treni, na Firenze ni kama saa moja na nusu. Mkiwa na mama, ningeiacha Firenze bila kujuta: karibu saa tatu za treni kwenda na kurudi, halafu foleni, halafu barabara za mawe. Tena siku yenu ikiangukia Jumatatu, majumba ya sanaa ya Uffizi na Accademia huwa yamefungwa. Pisa inawatosha. Mama ataketi kivulini akiwatazama watu wazima wakinyoosha mikono hewani ili wapigwe picha wakijifanya wanauzuia ule mnara ulioinama usianguke, na kijana anaweza kuupanda akiwa na mmoja wenu, kwa kuwa wanaokatazwa ni watoto walio chini ya miaka 8.

Roma ndiyo yenye mjadala. Kutoka Civitavecchia ni takriban kilomita 80. Njia ya treni ni rahisi kwa mwenye miguu mizima: basi la bandari hadi Largo della Pace, kisha basi la mji au mwendo wa miguu hadi stesheni, kisha treni ya karibu saa moja hadi Roma San Pietro, ambako Kanisa la Mtakatifu Petro liko umbali wa dakika kumi au kumi na tano kwa miguu. Mngekuwa watatu ningesema pandeni treni. Kwa ajili ya mama, kodini gari lenye dereva mwenye leseni, kwa sababu bei ya gari haipandi kwa idadi ya abiria, na hapo ndipo watu wanne mnapofaidika. Msilipe zaidi ya sehemu ndogo ya malipo kabla ya siku yenyewe, na mpate kwa maandishi kwamba meli isipofika bandarini kwa sababu ya hali ya hewa hamtadaiwa chochote. Mabadiliko hayo hutokea, na meli ikipelekwa Genova badala ya Livorno, mtu aliyelipa yote hubaki kubembeleza. Msisahau khanga mbili mkobani, maana wenye mabega au magoti wazi huzuiwa kuingia Kanisa la Mtakatifu Petro.

Mzee_wa_Kilindini (Mombasa)

Nilifanya kazi melini kabla ya kustaafu, na kipimo alichokitoa Bint Lamu ni sahihi kabisa. Ninatofautiana naye kuhusu Roma peke yake. Barabara ya kutoka Roma alasiri haina adabu, na dereva hodari hawezi kuruka foleni ya magari. Mtu aliyelipia matembezi ya kampuni hanunui basi na mwongozaji tu. Basi lao likikwama, nahodha huarifiwa na husubiri kadiri inavyowezekana, na ikiwa hawezi kusubiri, kampuni ndiyo inayobeba jukumu la kuwafikisha bandari inayofuata. Kwa familia yenye mzee, ningenunua ulinzi huo siku moja tu, siku ya Roma, na nyingine zote nijipangie. Mkikodi gari kama alivyoshauri binti yangu, basi mwambieni dereva kwamba meli inaondoka saa moja kabla ya saa yake halisi, na mdanganye bila aibu.

Jambo ambalo abiria wengi hawalielewi ni kwamba saa ya meli kuondoka siyo saa ya kurudi. Mwisho wa kupanda kwa kawaida ni dakika 30 kabla ya kuondoka, na kwenye baadhi ya meli ni saa nzima. Saa hiyo huandikwa kwenye karatasi ya ratiba ya siku, ambayo mara nyingi huwa pia na simu ya wakala wa meli katika bandari ile. Ipige picha karatasi hiyo kila asubuhi. Abiria asipoonekana, ni desturi kuzitoa pasipoti zake na kumkabidhi wakala huyo, na huyo ndiye mtu wa kwanza wa kutafutwa na aliyeachwa. Kwa pasipoti zetu za Afrika Mashariki kuna la ziada: baadhi ya meli hukusanya pasipoti za wanaohitaji viza na kuzihifadhi mapokezi muda wote wa safari, kwa hiyo msishuke bila nakala ya pasipoti, nakala ya viza na kitambulisho kingine chenye picha.

Kuhusu saa zenyewe, mnayo bahati. Hispania, Ufaransa, Italia na Malta zote zinafuata saa moja, ambayo wakati wa kiangazi iko nyuma ya yetu kwa saa moja, hivyo hakutakuwa na saa ya meli tofauti na ya nchi kavu. Shida hiyo huwapata wanaoelekea Ugiriki na Uturuki. Hakikisheni tu kwamba kila mmoja, na mama pia, anaisoma 17:30 kuwa ni saa kumi na moja na nusu jioni.

Migomo ya treni Italia hutangazwa mapema, na siku za kazi sheria huhakikisha baadhi ya treni za mikoani kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, na tena kati ya saa kumi na mbili jioni na saa tatu usiku. Nafasi ya asubuhi itakupeleka Pisa. Ya jioni haitakurudisha kwa wakati ikiwa meli inaondoka saa kumi na mbili, kwa hiyo siku ya mgomo kaeni palepale mjini au chukueni gari.

Tumaini_K (Arusha)

Naongeza la viza kwa kuwa limegusiwa tu. Nchi zote nne za ratiba yako zimo ndani ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, kwa hiyo viza moja inatosha, lakini soma ratiba tena kabla ya kuomba: meli ikiongezewa bandari ya Tunisia au ya Uturuki, mtakuwa mmetoka nje ya eneo hilo na mtahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Ombi hupelekwa kwenye ubalozi wa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, na siku zikilingana, wa nchi ya kwanza kuingia. Nyinyi mna bandari tatu za Italia na mnaanzia na kumalizia Hispania, hivyo zihesabuni siku pamoja na zile za hoteli kabla ya kuweka miadi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla yake. Ada tangu Juni 2024 ni yuro 90, na kijana wenu, kwa kuwa ametimiza miaka 12, atalipa kama mtu mzima.

Bima ya viza inatakiwa kufikia angalau yuro 30,000, lakini imewekwa kwa ajili ya matibabu na kurudishwa nyumbani. Haikulengwa kukununulia tiketi ya kuifuata meli. Kwa mliojipangia matembezi, ulizeni bima inayotaja jambo hilo waziwazi.

Mwenda_Pole (Dar es Salaam)

Nawashukuru nyote, na shikamoo Mzee wa Kilindini. Kwa Roma tumekubaliana tununue ya kampuni. Limebaki la Napoli, ambako mke wangu anataka tuvuke kwenda kisiwa cha Capri na mimi nataka Pompei, magofu ya mji wa Kirumi uliozikwa na volkano, na sijui kama mama ataweza hata moja ya hizo mbili.

Bint_Lamu (Bologna)

Kaka, kwa Capri nitakuwa upande wako, na shemeji anisamehe. Boti zake huondokea Molo Beverello, hatua chache kutoka meli inapofunga, na hilo ndilo linalowashawishi watu. Ni boti za kasi kama zile za Dar kwenda Unguja, na upepo ukichafua bahari husitishwa. Mkiwa upande wa kisiwani wakati huo, katika bandari ile ile ambayo kuachwa kwake ni kubaya kuliko zote, hakuna teksi ya kuwaokoa.

Pompei mama anaiweza msipoingilia lango ambalo kila mtu huingilia. Wanaokuja kwa treni ya Circumvesuviana hushuka Pompei Scavi na kuingia Porta Marina, ambako hupokewa na mwinuko na mawe makubwa ya barabara za Kirumi. Nendeni kwa teksi au gari la kukodi hadi lango la Piazza Anfiteatro, kwa sababu hapo ndipo inapoanzia njia iliyosawazishwa kwa ajili ya viti vya magurudumu, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 3, na si lazima mama aimalize yote. Mkiona hata hiyo ni ndefu, kuna Ercolano, mji mwingine uliozikwa na volkano hiyo ya Vesuvius mwaka 79, ulio mdogo zaidi na karibu zaidi na Napoli. Binafsi naupenda kuliko Pompei, kwa kuwa nyumba zimebaki na ghorofa zake na hata mbao zilizoungua bado zipo mahali pake, ingawa mteremko wake ni mgumu kwa magoti.

Tiketi za Pompei nunueni kabla ya kuondoka nyumbani. Tangu Novemba 2024 wanaoruhusiwa ni watu 20,000 kwa siku, na tiketi huandikwa jina la mwenyewe, hivyo kile kitambulisho alichokitaja Mzee mtakihitaji langoni. Ingieni asubuhi mapema, mtoke kabla ya saa saba mchana, na muda utakaobaki mlieni piza mjini, mahali mnapoiona meli.

Valletta haihitaji mpango wowote. Karibu na gati kuna lifti, iliyofunguliwa mwaka 2012, inayopanda karibu mita 58 hadi bustani ya Upper Barrakka, na mkifika huko kabla ya saa sita mchana kijana atashuhudia mzinga ukipigwa.