Rufaa tulituma mtandaoni siku ya 45 usiku, namba ya malipo ikaja baada ya Pasaka. Kweli tumechelewa?

Mtoto wa Bi Mkubwa
Habari zenu wakuu, naombeni msaada wa haraka maana tarehe 19 mwezi huu wa tano tunaitwa Mahakama Kuu.

Mama yangu ana kesi ya shamba, ekari tatu aliachiwa na marehemu baba. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lilimpa ushindi mpinzani wetu tarehe 3 Machi 2025. Tukaambiwa rufaa ni ndani ya siku 45, tukahesabu zikaangukia Alhamisi 17 Aprili. Hela ya wakili hatuna, kwaiyo sababu za rufaa mama alikuwa anasema mi naandika, kwa Kiswahili hiki hiki, afu ile Alhamisi tukazipeleka steshenari zikaskaniwe. Umeme ukakatika saa nane mchana mpaka saa tatu usiku, ulivyorudi tukamkuta kijana wa pale bado anatusubiri, Mungu ambariki, akaingiza kila kitu kwenye mfumo wa Mahakama wa mtandaoni na saa 4 na dakika 12 usiku ikaonyesha imetumwa. Mama hana imeili, mimi yangu nilishasahau neno la siri, kijana akaweka ya kwake.

Kesho yake Ijumaa Kuu, afu wikiendi, afu Jumatatu ya Pasaka. Jumanne tarehe 22 masijala wakafungua wakakagua wakatoa namba ya malipo, ila ikaenda kwenye imeili ya kijana na yeye alikuwa kaenda kwao sikukuu, karudi Jumatano ndo akanipigia. Nikalipa hapo hapo kwa simu, tarehe 23.

Sasa wakili wa upande wa pili kaweka pingamizi la awali, anasema rufaa inahesabika siku ada ilipolipwa, yaani tumekuja siku ya 51 na itupwe. Mama tangu asomewe hiyo karatasi chakula hakipiti. Ni kweli jamani?

Kalamu Nyeusi
Pole sana mkuu, na mama mpe pole. Mimi ni wakili, nitasema ninavyojua.

Hilo pingamizi hajalitunga, lina mizizi. Kuna uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa 1992 uliosema nyaraka inahesabika imefunguliwa siku ada ilipolipwa. Enzi hizo haikuwa shida sana, unafika dirishani, wanapokea, unalipa, unaondoka na risiti yako, vyote asubuhi moja. Mwaka 2018 zikaja kanuni za kufungua mashauri kielektroniki, Tangazo la Serikali Na. 148, na kanuni ya 21 inasema ukituma kabla ya saa sita usiku kwa saa za Afrika Mashariki basi umefungua siku hiyo, labda nyaraka ikataliwe. Hapo ndipo majaji wa Mahakama Kuu walipogawanyika, wapo wanaosema kanuni ya 21 inatosha na wapo wanaosema bila ada hakuna kilichofunguliwa. Ingia TanzLII, ile tovuti ya hukumu za mahakama za Tanzania, zipo bure, tafuta zinazokubeba uchapishe mbili tatu uende nazo.

Mimi nasimama na hao wa kwanza. Namba ya malipo haitoi mwananchi, inatoka masijala baada ya kukaguliwa, sasa mtu atalipaje kitu ambacho hajapewa pa kulipia? Mama yako alimaliza kazi yake Alhamisi saa 4 usiku, siku nne za sikukuu hakuzifunga yeye.

Masijala Zamani
Nimefanya kazi masijala miaka mingi, nimestaafu. Naupenda huu mfumo na nitausemea. Vijana hamjui mtu kutoka kijijini na nauli ya kukopa anafika anaambiwa faili halionekani, rudi wiki ijayo, anarudi bado halionekani, na sisi wenyewe tuko chini ya meza tunapekua mafaili yamefungwa kwa kamba na vumbi mpaka puani. Leo shauri lina namba, ukiingia unaliona lilipo. Tangu huu mfumo mpya wa usimamizi wa mashauri uanze 2023 hata hatua nyingi ndani wanafanyia humo humo.

Ila hili la imeili linaniuma. Foleni tuliyoitoa dirishani imehamia steshenari, na kule steshenari hakuna kiapo wala muhuri, kuna kijana mwema ambaye akienda kwao Pasaka haki ya mtu inakwenda naye. Kila masijala ingekuwa na meza moja ya kumsaidia asiye na imeili, na ujumbe uende kwa SMS kwenye kitochi chake mwenyewe. Mwanangu, kabla ya tarehe 19 nenda masijala uombe wabadilishe mawasiliano, la sivyo hata wito utaenda kwa huyo kijana.

Dada wa Uyui
Samahani naingilia, nakala ya hukumu ya Baraza mlipewa lini? Maana yetu sisi ilichukua karibu mwezi.

Mtoto wa Bi Mkubwa
Dada tuliandika barua ya kuomba tarehe 6 Machi, wakatupa tarehe 24 Machi. Kule Baraza ni karatasi tupu, kwenye mfumo huu haionekani kitu, nilitafuta namba yetu nikakosa nikadhani wameifuta.

Kalamu Nyeusi
Dada umeokoa jahazi, na mimi ndo nilitakiwa kuuliza hilo kwanza.

Mkuu, hukuikosa kwa bahati mbaya, mabaraza ya wilaya yako Wizara ya Ardhi, hayako chini ya Mahakama, ndo maana shauri lako limeonekana kwenye mfumo lilipofika Mahakama Kuu tu. Sasa sikiliza vizuri. Sheria ya Ukomo wa Muda kifungu cha 19 inasema muda uliohitajika kupata nakala unatolewa kwenye hesabu. Toka barua mpaka nakala ni siku 18. Tukubali hata hiyo tarehe 23 anayoing'ang'ania mwenzenu, siku 51 toa 18 zinabaki 33, na wewe ulikuwa na 45! Muda huo unatolewa wenyewe bila kuombea maombi ya kuongezewa muda, mradi uonyeshe tarehe kwa maandishi. Kwaiyo kila kitu kinaning'inia kwenye ile barua. Unayo nakala yenye muhuri wa kupokelewa?

Na kwa wengine wanaosoma hapa, siku mfumo ukigoma wenyewe siku ya mwisho, kanuni ya 24 inakuruhusu kumwomba Msajili au hakimu mfawidhi, ila ni kabla ya saa tisa alasiri siku ya kazi inayofuata. Saa tisa ikipita unaanza safari ndefu ya maombi.

Masijala Zamani
Itafuteni hiyo barua kabla hamjalala. Na siku yenyewe asimame mama, wewe mtoto hata uwe umeandika kila mstari huwezi kusimama kwa niaba yake hivi hivi. Aongee Kiswahili tu asiogope, tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 ndiyo lugha ya mahakama.

Mtoto wa Bi Mkubwa
Wakuu, tumeipata! Ilikuwa kwenye mfuko wa rambo ndani ya sanduku la kanga, pamoja na kadi ya kliniki ya mdogo wangu. Muhuri wa bluu, IMEPOKELEWA, 06 MAR 2025, umefifia kidogo kwenye 06 ila unasomeka. Nimeipiga picha mara tatu, na steshenari nimetoa nakala nne. Nakala ya hukumu nayo nyuma ina tarehe 24 na sahihi ya karani.

Mama nimemfungulia imeili kwa namba yake mwenyewe, neno la siri ameliandika kwenye daftari la vikoba. Jumatatu nampeleka masijala wakabadilishe, nikitoka huko nitaandika walivyosema. Usiku huu amekula ugali.