Nyanya nimeshazitia kwenye chupa, zitakaa muda gani bila friji?

MamaPacha_Ilula
Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Niko Ilula, Iringa. Msimu huu nyanya zimeiva zote kwa mkupuo, na kila mtu hapa kwetu zimemuivia hivyohivyo. Tenga linauzwa bei ambayo hairudishi hata hela ya dawa ya kantangaze, yule mdudu wa nyanya. Nikaona kuliko kumwaga, bora nizihifadhi mwenyewe jikoni. Nimezipika, nimejaza kwenye chupa za kioo, nimefunga. Swali langu ni moja tu: zitakaa muda gani nje ya friji? Na je, ni lazima kutia ile dawa ya unga wanayotumia watengeneza sosi? Naomba majibu mapema, kuna mzigo unatakiwa uondoke wiki hii.

Siti_ya_Mbele
Nimeshakaa. Wajuvi waje.

Bibi_wa_Nzega
Marahaba mwanangu. Chupa za nini? Sisi Unyamwezini tulikula mboga kiangazi kizima bila chupa hata moja. Majani ya kunde unayachuma machanga, unayaanika, hiyo ndiyo nsansa. Viazi vitamu ukivimenya na kuvikata vibichi ukavianika, unapata michembe. Ukivichemsha kwanza ndipo ukate na kuanika, ni matobolwa, na hayo mtoto anayatafuna njia nzima ya kwenda shule. Mama yangu alikuwa anapanda na ungo mpaka juu ya tembe, sisi chini tunafukuza mbuzi. Mvua ikichelewa, nyumba yetu ndiyo iliyokuwa na mboga. Jua la Mungu halina bili.

Fundi_Friji_Mbeya
Nunua friza dogo la mtumba, dada. Nyanya unaziosha, unazipanga kwenye mfuko, basi. Zikiganda unaitoa moja, unaipitisha kwenye maji, ganda linatoka lenyewe. Umeme ukikatika usifungue mlango. Friza lililojaa linashikilia baridi siku mbili hivi. Ukihitaji nitakutafutia zuri.

Baba_wa_Mwea
Poleni sana ndugu wa Iringa. Huku Mwea, Kirinyaga, ni hadithi hiyohiyo. Dalali anakuja asubuhi anakuambia soko la Nairobi limejaa, jioni unasikia jirani ameuza bei nyingine kabisa. Mimi nilipanda nyanya pamoja na mchele nikidhani nyanya zitanilipia karo ya watoto. Mkulima akikosa mahali pa kuhifadhi mazao, bei inapangwa na mwenye lori. Serikali zetu zingejenga vyumba vya baridi karibu na mashamba, haya yote yasingekuwepo.

Msindikaji_Moro
Dada wa Ilula, nimesomea usindikaji wa vyakula. Siwezi kukujibu "muda gani" kabla sijajua mambo matatu. Ndani ya chupa kuna nyanya peke yake au kuna kitu kingine? Umetia ndimu, limau au siki? Na baada ya kufunga, chupa zenyewe umezichemsha, au umemimina moto ukafunga tu?

MamaPacha_Ilula
Asanteni wote. Bibi, nsansa naijua, shemeji yangu ni wa Tabora. Msindikaji, ni nyanya na viungo vya kawaida. Nimemimina moto, nimefunga, nikapindua chupa kichwa chini kama nilivyoona kwenye video. Vifuniko vimevutwa ndani vizuri kabisa, ukibonyeza havirudi. Kwa hiyo ziko salama, sivyo? Nataka kujua muda tu.

Msindikaji_Moro
Viungo vya kawaida ni vipi? Vitaje kimoja kimoja, tafadhali.

Siti_ya_Mbele
Ameingia chumba cha mahojiano.

MamaPacha_Ilula
Maharage machanga, karoti, vitunguu saumu na mafuta kidogo. Maharage nayo yalikuwa yanakomaa bustanini, nisingeweza kuyaacha. Ni rosti iliyo tayari, mtu anapasha tu anakula. Nimefanya hivyo kwa sababu ni za mdogo wangu yuko Dar, amejifungua juzi, hana mtu wa kumsaidia jikoni na ana mwingine wa miaka miwili. Boksi limeshafungwa, nimeshakubaliana na konda. Mdogo wangu anazisubiri. Ndiyo maana nauliza muda.

Msindikaji_Moro
Hilo ndilo nililokuwa naliogopa. Dada, soma hapa taratibu.

Kuna bakteria anaitwa Clostridium botulinum. Anaishi kwenye udongo, kwa hiyo anakuja na karoti, na maharage, na kitunguu saumu. Mbegu zake hazifi kwenye maji yanayochemka. Kuziua kunataka nyuzi 121, na joto hilo linapatikana kwenye chombo cha presha peke yake. Akishafungiwa mahali pasipo na hewa, penye unyevu, pasipo na ukali wa asidi, na pakiwa na joto la kawaida la chumbani, anaamka na kutengeneza sumu. Chupa uliyoifunga ikabonyea vizuri ndiyo nyumba anayoitaka. Kifuniko kubonyea kunaonyesha hewa imetoka. Hakuonyeshi kwamba chakula ni salama.

Kinachomzuia ni ukali. Ukali unapimwa kwa pH, namba ikishuka ukali umepanda, na chakula chenye pH chini ya 4.6 hawezi kuota ndani yake. Nyanya ziko hapohapo mpakani, nyingine 4.3, nyingine zinafika 4.9, na zilizoiva kupita kiasi ndizo zinazopoa ukali. Ndiyo maana hata nyanya tupu zinatiwa maji ya limau ya chupani, ambayo ukali wake haubadilikibadiliki: vijiko viwili vya chakula kwa lita, kimoja kwa nusu lita. Maharage machanga na karoti havina ukali huo kabisa. Ukivichanganya na nyanya umeushusha ukali wa chupa nzima, na mafuta yanafunika juu.

Tena hauko pwani. Kila ukipanda mita 300 hivi, maji yanachemkia nyuzi moja chini. Iringa mjini, mita 1,500 na ushee, yanachemkia kwenye nyuzi 95 hivi. Nyanya za kupondwa zilizotiwa limau, chupa ya nusu lita, Dar unaichemsha imezama majini dakika 35. Kwako ni dakika 45. Kumimina moto na kupindua hakuhesabiki.

Ile dawa ya unga, benzoeti, nayo inafanya kazi penye ukali. Haitaokoa rosti ya maharage.

Usitume.

Ustaadhi_Tanga
Mzazi anataka uji wa pilipili manga na supu ya kuku aliyechinjwa siku hiyohiyo. Tangu lini mzazi akalishwa vitu vya chupa? Tumewaacha ndugu zetu wanajifungua peke yao mjini, halafu tunawatumia mizigo. Panda basi mwenyewe dada, ukamkande mwenzio.

Mpemba_Mstaafu
Ustaadhi, nauli utamlipia wewe? Huku kwetu achari ya embe na ndimu inakaa kabatini miezi na hakuna aliyedhurika, kwa kuwa imejaa chumvi na ukali. Haya maharage angeyatia kwenye siki kali tangu mwanzo yangekuwa achari, na tusingekuwa hapa.

MamaPacha_Ilula
Ustaadhi, nina pacha wa darasa la kwanza na mume anashinda shambani, nitaondokaje? Msindikaji, nakuheshimu, lakini bibi zetu walipika bila vipimo vya pH. Mimi nimezichambua. Zile zilizokuwa na dalili nimeziweka pembeni, kwenye boksi nimeweka nzuri tu. Na nitamwambia azichemshe tena kabla ya kula. Hiyo haitoshi?

Msindikaji_Moro
Dalili gani?

Bibi_wa_Nzega
Mwanangu, usinisingizie. Mimi nimesema kuanika. Kitu kikikauka hakina maji, hicho mdudu anaotea wapi? Bibi hakufungia maharage mabichi kwenye kioo.

Gizani_Kariakoo
Wakuu, mimi hii naiona chai. Mkulima aliyeshindwa kuuza tenga, chupa za kioo boksi zima kazipata wapi? Mimi niko Kariakoo, bei ya chupa mpya yenye kifuniko naijua, huyo asingelalamikia hela ya dawa. Halafu kuna mzazi, kuna konda, kuna pacha, kila akiulizwa kinaongezeka kitu. Nyuzi za namna hii huwa zinaishia na "nauza chupa na mashine, nifuate inboksi". Kesho mtaniambia.

Siti_ya_Mbele
Leteni sukari.

Baba_wa_Mwea
Hata mimi nimeshangaa. Mtu haandiki "mzigo unatakiwa uondoke" halafu anamtaja mtoto mchanga baada ya kubanwa.

Muuguzi_wa_Zamu
Iwe chai isiwe chai, maelezo ya Msindikaji ni ya kweli, na kuna mtu ataupata uzi huu akiwa na chupa zake mezani. Gizani, ukikosea wewe, kuna mtoto wa miaka miwili anakula hiyo rosti. MamaPacha, jibu swali la dalili.

MamaPacha_Ilula
Sijawahi kuitwa mwongo na mtu nisiyemjua. Chupa nimezinunua kwa dada anayefanya kazi kwenye nyumba ya wageni, ni zile za jamu na mayonezi walizokwishatumia. Nimezisugua kwa mchanga na sabuni, vifuniko ni vilevile vyake, vingine rangi ya mayonezi imebanduka lakini vinafunga. Picha nimeweka hapo chini, tazama dirisha la jiko langu na tenga la nyanya, kama hiyo ni Kariakoo niambie. Na dalili ni kwamba chache zilianza kutoa mapovu pembeni na moja kifuniko kiliinuka katikati. Hiyo nyingine ya mapovu tuliila sisi wenyewe Jumapili na hatujaumwa.

Gizani_Kariakoo
Picha nimeiona. Nimenyamaza.

Muuguzi_wa_Zamu
Mliipikaje hiyo ya Jumapili?

MamaPacha_Ilula
Niliitia kwenye sufuria na dagaa, ikachemka mpaka dagaa wakalainika. Ni muda mrefu kidogo.

Muuguzi_wa_Zamu
Basi huenda hilo ndilo lililowakinga. Sumu yenyewe, tofauti na mbegu, inavunjika ikichemka dakika 10, na huko kwenu mlimani zaidi kidogo. Lakini usilifanye hilo kuwa mpango. Mzazi aliyechoka anapasha moto, mchuzi ukitoa moshi anaepua, na mtoto ameshachovya kidole kwenye chupa. Sumu hii kiasi kidogo sana kinatosha, na mara nyingi chakula hakinuki wala hakibadiliki ladha.

Mjiangalie nyote nyumbani. Inaanza kwa kawaida saa 12 hadi 36 baada ya kula, ila inaweza kuchukua siku kadhaa. Kope zinalegea, mtu anaona vitu viwiliviwili, ulimi mzito, kumeza kwa shida, kisha mikono inaishiwa nguvu. Homa mara nyingi hakuna, ndiyo maana watu wanadhani ni uchovu. Ukiona moja kati ya hayo usisubiri kukuche. Hospitali, na umwambie daktari mlikula chakula cha chupa, kwa sababu asipoambiwa hatafikiria huko.

Msindikaji_Moro
Na vifuniko vilivyokwishatumika mpira wake umeshachoka. Chupa zote zilipikwa siku moja kwa njia moja. Huwezi kuchambua nzuri na mbaya kwa macho. Boksi liko wapi sasa hivi?

MamaPacha_Ilula
Mume wangu amelipeleka kwenye basi la alfajiri. Mimi nilikuwa bado nawasoma ninyi.

Fundi_Friji_Mbeya
Angalia risiti ya mzigo, ina namba ya simu. Piga sasa. Kama wameshashuka mlima Kitonga watasimama Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu, wasimamapo pale boksi lishushwe.

Mpemba_Mstaafu
Na mpigie mdogo wako kabla ya konda. Likimfikia kwa bahati mbaya, asifungue hata kwa kuonja.

Siti_ya_Mbele
Dada, tupo. Piga kwanza, andika baadaye.

MamaPacha_Ilula
Nimempigia mdogo wangu, amelia kidogo, ameelewa. Konda alikuwa hapokei, nikampigia shangazi yangu anayeuza vitunguu Ruaha Mbuyuni, akaenda kusimama palepale basi linapoegesha. Boksi limeshuka. Amelifunika turubai nyuma ya banda, hakuna anayeligusa. Sasa nifanye nini nazo? Chupa zenyewe nilizilipia.

Msindikaji_Moro
Zilizofungwa na hazivuji, usizifungue. Tia kwenye mifuko miwili mizito, chimba shimo refu mbali na kisima, na mbali na mahali mbwa au kuku wanapochakura. Zinazovuja au zilizofunguka, vaa glavu, chupa na kila kilichomo vizame kwenye maji ya sufuria kuukuu, chemsha nusu saa nzima, kisha ndipo ufukie. Pale zilipokaa futa kwa maji yenye dawa ya klorini. Chupa za mapovu usizihurumie.

Ukitaka kujifunza kwa vitendo, nenda SIDO Iringa, lile shirika la viwanda vidogo, wana mafunzo ya usindikaji. Na siku ukianza kuuza, chakula kiko chini ya TBS, shirika la viwango, tangu 2019, siyo TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa. Usiuze kabla hujapita huko.

Ustaadhi_Tanga
Mdogo wako anaishi mtaa gani? Usiutaje hapa, niandikie faragha. Mke wangu yuko Dar mpaka mwisho wa mwezi, anaweza kupita na kuku.

MamaPacha_Ilula
Ustaadhi, Mungu akulipe. Nimekuandikia. Bado nina matenga ya nyanya yamebaki na maharage machache. Nimekubali kuanika. Nyanya nizikate unene gani? Na maharage?

Bibi_wa_Nzega
Maharage yapitishe kwenye maji yanayochemka dakika chache, yaepue, yachuje, ndipo uyaanike. Yasipopitishwa yanakuwa magumu mpaka kesho.

Msindikaji_Moro
Nyanya kata milimita sita hivi, toa mbegu na majimaji, nyunyiza chumvi kidogo. Panga kwenye chekecheke lililoinuliwa, siyo mkeka chini, funika chandarua dhidi ya nzi. Jioni ingiza ndani, umande wa huko utakurudisha nyuma. Kipande kimekauka ukikikunja hakitoi maji na hakigandi vidoleni. Acha vipoe kabisa kabla hujavifungia kwenye chombo, na siku za mwanzo chungulia: ukiona ukungu wa maji upande wa ndani, virudishe juani siku hiyohiyo.