Tupeane uzoefu: pikapu za zamani za otomatiki zinazosumbua kubadili gia

Mleta mada, Mwandiga

Wakuu, nina pikapu ya mwaka 1996, otomatiki ya gia nne, nabebea mawese. Ilifika mahali nikipanda milima ya Manyovu na mzigo, injini inapiga resi lakini gari halivuti. Gia zilikuwa zinaingia mapema mno, laini, kisha zinateleza. Fundi wa kwanza alisikiliza kidogo tu akasema giaboksi imekufa, nitafute ya mtumba. Siku hiyo chakula hakikupita.

Nikampelekea mzee mmoja Ujiji. Hakushika spana. Alinituma niendeshe hadi ipate moto, niegeshe pa tambarare, injini ikiwa inaunguruma nipitishe gia zote kisha nirudishe P, ndipo nichomoe kijiti cha kupimia oili ya giaboksi. Oili ilikuwa kwenye alama ya moto, nyekundu, haina harufu ya kuungua. Akasema, "Mwanangu, hapa bado hatujafika kwenye giaboksi."

Akazima injini, nikakanyaga mafuta hadi mwisho, yeye akatazama ule waya unaotoka kwenye eksileta kwenda giaboksi. Pengo kati ya kishikizo cha waya na ala yake linatakiwa lisizidi milimita 1. La kwangu lilipitisha kidole! Waya huo ukilegea, presha ya oili ndani inashuka, klachi zinateleza na mwisho zinaungua kweli. Ukikazwa kupita kiasi, gia zinachelewa na zinaingia kwa kishindo. Alikaza nati mbili, nikapanda Manyovu siku hiyo hiyo na madumu yangu yote.

Nani mwingine yamemkuta?

Kasulu

Yangu taa ya O/D OFF (ile ya dashibodi inayoonyesha gia ya nne, overdrive, imezimwa) ilikuwa inakonyeza yenyewe. Fundi umeme aliunganisha TE1 na E1, matundu mawili ya plagi ya kupimia hitilafu, kwa kipande cha waya, swichi ON, injini imezimwa, tukahesabu taa inavyokonyeza: sita, kituo, mbili. Yaani kodi ya hitilafu 62, solenoidi ya kwanza, vali ya umeme inayobadili gia ndani ya giaboksi. Solenoidi yenyewe ilikuwa nzima, waya wake ndio uliosuguliwa na chesisi hadi ukakatika.

Urambo

Mimi msiba wangu ulikuwa wa kweli, lakini angalau niliujua kabla ya kulipa. Tulichomoa plagi ya solenoidi ili kompyuta isiamue chochote, tukaendesha kwa mkono. Kwa giaboksi ya aina yangu, L inatoa gia ya kwanza, 2 inatoa ya tatu, D inatoa ya nne. Zikishika vizuri zote, ugonjwa uko kwenye umeme. Yangu iliteleza hata kwenye L. Tulipofungua sampo, bakuli la oili chini ya giaboksi, oili nyeusi inanuka, unga wa klachi umejaa chini. Nilikuwa nimeendesha msimu mzima wa tumbaku oili ikiwa pungufu, nikidhani kuchelewa kuingia D asubuhi ni uzee wa gari.

Uvinza

Ukichomoa kijiti ukakuta oili ya rangi ya waridi kama maziwa, usiwashe tena. Kipoza oili kilichomo ndani ya rejeta kimetoboka, maji yameingia.

Mleta mada, Mwandiga

Wa Uvinza, pole sana. Ulibadilisha rejeta tu ukamwaga oili mara kadhaa, au klachi zilikuwa zimeshalowa?

Uvinza

Zilikuwa zimeshabanduka, kaka. Niliendesha siku mbili zaidi.