Naombeni ushauri: Michelle Obama, nianze na shule au magauni?

Wakuu, salaam. Jumamosi nina dakika tano mbele ya wasichana wa sekondari, nimepewa maisha, elimu na mitindo ya Michelle Obama. Nimejaza kurasa tatu: kazaliwa Chicago 1964, kamaliza Princeton 1985, sheria Harvard 1988, kaolewa 1992. Nilipomsomea mdogo wangu, alishika simu kabla sijafika Harvard. Nilipotaja magauni ya mbunifu Jason Wu ndipo akainua kichwa! Nianze na nguo? Naogopa mwanasheria mzima asije akabaki mwanamitindo.

Mama Pacha: Anza na nguo, kuna ubaya gani? Picha yake rasmi ya 2009, gauni jeusi lisilo na mikono, lulu shingoni. Watu walivyobishana kuhusu yale mabega, ungedhani kavunja katiba. Mwanamke mweusi wa kwanza kuwa mke wa rais wa Marekani, na gumzo ni mabega! Wasichana wataelewa upesi kuliko unavyodhani.

Chakubimbi: Mimi nakataa. Chukua hotuba yake ya 2012 kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic. Alisimulia habari za baba yake, mfanyakazi wa mitambo ya maji ya jiji, anaumwa multiple sclerosis, ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Asubuhi mzee anajiegemeza kwenye sinki la bafuni, ananyoa ndevu, anafunga vifungo vya sare taratibu. Jioni anainua mguu mmoja, kisha wa pili, kupanda ngazi, wanawe wanamngoja juu. Karibu ada yote ya chuo ya wanawe ililipwa kwa mikopo na misaada, lakini kile kidogo kilichobaki mzee alilipa mwenyewe, hata kwa kukopa. Ukifika hapo, Princeton haitakuwa tena jina la chuo tu.

Mzee wa Busati: Na usiku huohuo alivaa gauni la Tracy Reese, mbunifu mweusi wa Detroit. Kwa hiyo mnagombana bure, nguo na ngazi viko jukwaa moja. Ongeza kwamba 1989, kwenye kampuni ya mawakili, Michelle ndiye aliyepewa kazi ya kumwelekeza Barack. Watacheka.

Mleta uzi: Asanteni sana. Nimefuta kurasa mbili, naanza na vifungo vya sare. Nimemsomea tena mdogo wangu, simu kaiweka chini. Kisha akauliza: "Hilo gauni la Detroit lilikuwa rangi gani?"