Naswali swala tano lakini moyo umekauka. Nishaurini, nipo Tanga

Mkaazi wa Ngamiani
Assalaam alaykum wanajukwaa. Na wasio Waislamu, habari zenu.

Naandika usiku huu baada ya Isha kwa sababu hii ni siku ya nne sipati usingizi. Mimi ni mwanamume wa miaka 31, naishi Tanga mjini. Swala tano siachi, Ramadhani nafunga, na Jumatatu na Alhamisi najitahidi. Qur'ani naisoma vizuri, watu huniambia sauti yangu inawatuliza. Shida ipo ndani. Nikishafunga swala, ulimi unakwenda wenyewe kama mvuvi anayepiga kasia huku amesinzia. Natoa salamu, ukiniuliza nimesoma sura gani rakaa ya pili, sikumbuki.

Maswali yangu ni mawili. Mtu wa namna hii swala yake ipo? Na je, ni dhambi kupumzika kwa muda majukumu fulani ya dini mpaka moyo urudi? Binamu yangu ana duka Kariakoo, ameniita nikamsaidie. Naona nikihama mazingira nitatulia.

Saa Sita Mchana
Mkuu, oa.

Mkaazi wa Ngamiani
Nimeoa, nina mtoto mmoja.

Abuu Sunna
Wa alaykumus salaam. Sababu ya moyo kukauka ni madhambi. Punguza simu, acha miziki, acha kukaa vijiweni baada ya Isha, angalia na chumo lako lina nini ndani yake. Allah ametuambia katika Suratul Maun, ole wao wanaoswali ambao wanapuuza swala zao. Na hiyo Kariakoo unayoikimbilia ndiyo fitina yenyewe. Hakuna aliyekwenda Kariakoo kutafuta khushui, utulivu wa moyo ndani ya swala, akaipata.

Mama Watatu
Kariakoo pana misikiti na watu wanaswali, tusiwasemee. Mdogo wangu yupo pale mwaka wa sita, kaacha sigara akiwa hukohuko. Ila maisha ni ghali, chumba kimoja Dar ni kodi ya nyumba nzima huku Tanga. Mkeo unamchukua au unamuacha?

Mzee wa Mkonge
Mwanangu, Hanzala alikuwa mwandishi wa Mtume, rehema na amani zimshukie. Siku moja alikutana na Abubakar akamwambia, Hanzala kawa mnafiki. Kwa nini? Kwa sababu akikaa mbele ya Mtume anaiona pepo na moto kama kwa macho, akirudi nyumbani kwa wake, watoto na mali, anasahau mengi. Abubakar akasema wallahi na sisi yanatukuta. Wakaenda wote. Mtume akawaambia, lau mngedumu katika hali ile, malaika wangewapa mkono vitandani mwenu na njiani mwenu, lakini ewe Hanzala, kuna saa na saa. Akaikariri mara tatu. Kwa hiyo usijihukumu. Unaloliogopa wewe, wabora wetu waliliogopa.

Binti Pangani
Kaka yangu, swali lako la pili limenikwaza. "Majukumu fulani ya dini" ndiyo yapi? Swala haipumzikwi, wewe mwenyewe unajua. Basi ni jukumu gani unalotaka kuliweka chini? Na unasoma Qur'ani vizuri kwa sababu gani, wewe ni nani pale mtaani?

Mkaazi wa Ngamiani
Sikutaka kusema kwa sababu Tanga ni ndogo, watu wananijua.

Mimi ni mwalimu wa chuo cha Qur'ani. Nilikirithi kwa babu yangu miaka saba iliyopita. Nina watoto arobaini na kidogo, wa Alif Be Te mpaka wanaokaribia kuhitimu, na imamu wetu akisafiri nasalisha mimi. Ndiyo maana nasema nipumzike. Nimeshawaambia wazazi chuo kinafungwa kwa muda, tunabadilisha bati.

Binti Pangani
Na bati mnabadilisha kweli?

Mkaazi wa Ngamiani
Hapana.

Abuu Sunna
Subhanallah. Mwalimu wa Qur'ani anawaongopea wazazi.

Saa Sita Mchana
Ustadh, nakuomba radhi kwa lile la mwanzo.

Mzee wa Mkonge
Mwacheni kwanza aseme. Mtu haamki asubuhi moja akafunga chuo cha babu yake. Mwanangu, kulitokea nini?

Mkaazi wa Ngamiani
Nitasema, na mkinitukana nimestahili.

Alhamisi mbili zilizopita, jioni, nilikuwa na watoto jamvini. Nimefunga, nimechoka. Kuna binti wa miaka minane, mkali wa kuhifadhi, akanyoosha mkono: "Mwalimu, Iyyaka ndiyo nini?" Katika Fatiha, iyyaka naabudu wa iyyaka nastaiin.

Nikakwama. Fatiha naisoma si chini ya mara kumi na saba kwa siku. Naijua kila herufi inapotokea kooni. Babu alinisomesha kwa bakora, ukiipitisha shadda ya iyyaka bila kuikaza unachapwa, na ni kweli ukiilegeza unaharibu maana. Lakini maana yenyewe hakunipa, naye hakupewa. Tafsiri niliwahi kuisikia katika darsa za Ramadhani, kwa ujumla tu, Mola tunakuabudu na kukuomba msaada. Lile neno lenyewe limekaa wapi, sikujua. Watoto wote wananitazama. Nikamwambia Iyyaka ni jina la malaika anayepokea dua zetu.

Akafurahi. Mimi nikasahau.

Wiki iliyofuata mama yake alikuja kunishukuru. Anasema binti kabla ya kulala anawakalisha wadogo zake wawili, wanainua mikono, wanamwomba malaika Iyyaka amponye bibi yao miguu. Mama anacheka kwa furaha. Usiku ule nikafungua tafsiri. Wewe tu tunakuabudu, na Wewe tu tunakuomba msaada. Iyyaka ndiyo hiyo "Wewe tu". Neno linalokataza kuombwa mwingine yeyote, nimelifanya jina la mwingine wa kuombwa. Na watoto watatu wanamwomba.

Tangu siku ile nikifika hapo ndani ya swala nafsi inanisuta, nakimbia niimalize aya. Ndiyo ukavu ninaousema. Bora nisisomeshe kuliko kusomesha uongo. Tiketi nimeshakata, ni Jumatatu.

Abuu Sunna
Mtume amesema, atakayenizulia uongo kwa makusudi na aandae makazi yake motoni. Hii ni kwa Mtume, wewe umezulia Kitabu cha Allah. Tubia haraka.

Mama Watatu
Mimi nimelia. Miguu ya bibi.

Kijana wa Chumbageni
Mimi ni Mkatoliki, nimepita kusoma. Babu yangu aliishika Misa ya Kilatini mpaka ilipobadilishwa miaka ya 60. Alikuwa haelewi sentensi, lakini nyumbani wanasema alikuwa akirudi kanisani uso umelowa. Mimi nasali Kiswahili, kila neno naelewa, na nawaza mpira. Kwa hiyo mwalimu, sina hakika kama kuelewa peke yake ndiko kunaleta moyo.

Mzee wa Mkonge
Kijana umesema jambo kubwa. Na kwetu lipo. Mtume amesema kila herufi ya Qur'ani ina thawabu kumi, kisha akafafanua: sisemi Alif Lam Mim ni herufi moja, bali Alif ni herufi, Lam ni herufi, Mim ni herufi. Tazameni mfano alioutoa. Alif Lam Mim, maneno ambayo wanazuoni wengi wamesema maana yake anaijua Mwenyezi Mungu. Hawa wazee waliotusomesha bila tafsiri hawakutuacha mikono mitupu.

Lakini na mimi niseme yangu. Nilikata mkonge miaka kumi na minane, upande wa Muheza. Kambini tulikuwa makabila yote na mimi ndiye niliyekuwa nikiswalisha kwa sababu nilisoma chuo utotoni. Kuna mwaka alikuja karani mmoja na tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, ile iliyotoka 1969. Ndiyo mara ya kwanza naona Qur'ani inasema Kiswahili changu. Nilianza na Fatiha nikiwa na miaka arobaini na tatu. Nilipofika "Mwenye kumiliki siku ya malipo" nilifunika kitabu nikatoka nje. Nilikuwa namdai mwenzangu fedha isiyo yangu, nimeapa mbele ya msimamizi. Aya hiyo niliisoma maisha yangu yote na haikuwahi kunizuia kitu. Siku ile ilinizuia. Nilikwenda kumrudishia akiwa shambani, ana panga mkononi, nikadhani atanikata.

Mtoto wa Makorora
Samahani wazee, mnakunywa chai hii bila kuionja.

Nimesoma chuo Tanga hii mpaka nikahitimu. Alhamisi na Ijumaa chuo hakuna. Ndiyo mapumziko tangu enzi za babu zetu, sisi Alhamisi tulikuwa tunakwenda Deep Sea kuogelea. Leo mwalimu anasema Alhamisi jioni alikuwa jamvini anasomesha. Pili, huyu bwana kila akibanwa hadithi inaongezeka. Mwanzo hana mke wala chuo, sasa ana mtoto, wanafunzi arobaini na malaika. Kesho atatuomba nauli.

Saa Sita Mchana
Eeh, hilo la Alhamisi hata mimi sikuliwaza.

Mama Watatu
Siku hizi zipo madrasa zinasomesha mpaka Jumapili, zina ratiba kama shule.

Mtoto wa Makorora
Hizo ni madrasa za vyumba na madawati. Yeye kasema chuo cha babu, jamvi na bakora.

Abuu Sunna
Kama ni uongo, basi ni mtu anayetaka kuwachafua walimu wa Qur'ani. Kila siku vyuo vyetu ndivyo vinavyosemwa.

Mkaazi wa Ngamiani
Ndugu wa Makorora upo sawa, Alhamisi hatusomi. Hatukuwa tunasoma. Tulikuwa tunafanya mazoezi ya kasida, Maulidi ya mtaa yamekaribia, Mfungo Sita umeingia. Wavulana wanapasha dufu motoni, wasichana wamekaa wanangoja. Binti aliuliza katika kungoja. Ndiyo maana inaniuma zaidi. Haikuwa darasani kwamba kalazimishwa. Alikuwa amekaa tu, akawaza neno analolisoma.

Sihitaji nauli, tiketi nimelipa. Na hadithi inaongezeka kwa sababu naona haya.

Mtoto wa Makorora
Kama ni kweli, Allah anisamehe. Lakini sijaridhika.

Binti Pangani
Hata kama ni hadithi ya kutunga, mimi namjibu, kwa sababu nina mwanangu yuko chuo na sijui mwalimu wake anajua nini.

Kaka, wewe umeshikilia kufunga chuo kama ndiyo toba. Toba ya mwenye kusema uongo kwa watu ni kubainisha. Ukipanda basi Jumatatu, nani atakwenda kumwondoa malaika kwenye kile chumba? Wale watoto wataendelea kumwomba, na wewe upo Kariakoo unapima vitambaa moyo umetulia.

Na kuhusu ile aya unayoikimbia, ipo hadithi qudsi, maneno ya Mwenyezi Mungu aliyoyasimulia Mtume, katika kitabu cha Imamu Muslim. Mwenyezi Mungu anasema, nimeigawa swala nusu mbili baina yangu na mja wangu. Mja akisema Alhamdulillahi Rabbil aalamiin, anasema, mja wangu amenihimidi. Anaendelea kujibu aya moja moja. Akifika Iyyaka naabudu wa iyyaka nastaiin, anasema, hili ni baina yangu na mja wangu, na mja wangu atapata alichoomba. Mimi tangu nilipoisoma hadithi hiyo nasimama kidogo baada ya kila aya, nampa nafasi Anayejibu. Siku nyingine bado nawaza vyombo. Lakini pale pa iyyaka najitahidi nisipite mbio. Wewe nawe usipapite mbio.

Mkaazi wa Ngamiani
Dada, unasema kwa wepesi. Nikimwambia mama yake, kesho mtaa mzima unajua, na jina ni la babu. Watoto wote watatolewa. Si bora kimya?

Mzee wa Mkonge
Babu yako haibiwi heshima na mjukuu aliyesema nimekosea. Kama unaona uzito nitakusindikiza. Nipo Pongwe, baiskeli yangu nzima. Na mbora wetu ni aliyejifunza Qur'ani na akaifundisha. Kujifunza kumetangulia, na umri wako bado.

Mkaazi wa Ngamiani
(siku mbili baadaye)
Nimekwenda peke yangu, baada ya Alasiri. Bibi alikuwa barazani, miguu juu ya stuli. Nilimwita binti mbele yake na mbele ya mama. Nikasema, mwalimu alikudanganya. Alikuwa hajui, akaona haya. Hakuna malaika wa jina hilo. Iyyaka ni kumwambia Mungu mwenyewe, Wewe tu.

Mama alinyamaza, sura ikabadilika, na mpaka sasa sijui ananifikiriaje. Binti alifikiri kidogo, akauliza, "Kwa hiyo zile dua zetu zilikwenda wapi?" Nikamwambia Mungu alizisikia, alikuwa anajua mnamtafuta nani. Akauliza, "Na nastaiin?" Nikamjibu. "Na ihdinaa?" Nikamjibu. Akauliza mustaqiim, nikamjibu, usiku nilikuwa nimesoma. Akaingia kwenye sura nyingine, nikamwambia hiyo sijui, nitakuletea.

Maghribi niliswali nyuma, safu ya pili. Imamu alipofika pale, sikukimbia.

Mama Watatu
Allah akulipe heri. Bibi alisema nini?

Mkaazi wa Ngamiani
Alisema na yeye alikuwa hajui. Kaniomba nimwambie ya Qul huwallahu.

Mtoto wa Makorora
Na tiketi?

Mkaazi wa Ngamiani
Wamesema fedha hairudi, wanabadilisha tarehe tu. Nimeisogeza mbele wiki mbili.