Mama anapasuliwa mgongo, kaambiwa aache Junior aspirini. Aache au aendelee?

Mkwe_wa_Kasulu

Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri, hasa wenye taaluma na waliopitia.

Bimkubwa ana miaka 62. Akitembea kidogo tu miguu inakufa ganzi mpaka aketi. MRI imeonyesha mfereji wa uti wa mgongo umebana kwenye pingili za chini na neva zimekabwa. Tumepewa tarehe MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wapanue palipobana na kufunga vyuma.

Shida ni hii. Anameza Junior aspirini (aspirini ya dozi ndogo) kila siku tangu aanze kliniki ya presha. Daktari kasema aiache wiki nzima kabla ya upasuaji. Baba mdogo kaja juu. Dada yake alipasuliwa nyonga, ikaenda vizuri, kisha akafariki ghafla wodini, wakaambiwa bonge la damu limepanda kwenye mapafu. Kwa hiyo yeye anaona kumwachisha mama aspirini ni kumuua. Mama naye kaingiwa hofu, anasema ataendelea kumeza kimyakimya. Shangazi kaja na lake: aspirini iachwe, anywe maji ya kitunguu swaumu na tangawizi kila asubuhi.

Damu ya mtu anayepasuliwa mgongo inaganda kupita kiasi au inagoma kuganda? Mbona naambiwa yote mawili?

Kigogo_Mwisho

Pole mkuu. Mimi sio daktari, ila hiyo ya kumeza kimyakimya izuieni leo leo. Hayo mengine yanajadilika.

Sista_Thieta

Pole sana kaka. Mimi ni muuguzi, nimekaa chumba cha upasuaji miaka mingi. Yote mawili ni kweli, ila hayaji kwa wakati mmoja.

Akiwa mezani, hofu yetu ni damu kutoka. Kuzunguka ule mfereji kuna vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) nyingi ndogo, na mfupa ukishachongwa nao unavuja. Mgonjwa analala kifudifudi. Tumbo likigandamizwa, damu ya miguuni inakosa njia kwenye vena kubwa ya tumboni, inapita pembeni na kujaa kwenye vena za mgongo, palepale daktari anapokata. Ndiyo maana tunaweka mito kifuani na kwenye nyonga ili tumbo lining'inie. Damu ikitoka nyingi, zile protini za kugandisha nazo zinapotea, na dripu zinazimua zilizobaki. Mwili ukipoa ndio kabisa, zinafanya kazi kivivu. Mkiona tunamfunika na kumpasha joto mgonjwa wakati nje Dar inachemka, sababu ni hiyo.

Sasa weka aspirini juu yake. Chembe sahani, yaani chembe ya damu inayoziba jeraha, ikishaguswa na aspirini haizinduki tena mpaka ife, na inaishi siku 7 hadi 10. Kuiacha jana yake hakusaidii kitu, wiki inatosha mwili kutoa chembe mpya. Na hapa mgongo ni tofauti na nyonga ya yule dada wa baba mdogo: donge likijikusanya ndani ya mfereji, hakuna nafasi, linakaba neva. Mgonjwa aliyeamka anachezesha miguu anaweza kupooza.

Baada ya upasuaji mambo yanageuka. Mwili uliojeruhiwa unazalisha vigandishi kwa wingi, fibrinojeni, moja ya zile protini za kugandisha, inapanda kwa siku kadhaa, huku mgonjwa amelala na damu ya miguuni inakwenda taratibu. Daktari Mjerumani Rudolf Virchow anakumbukwa kwa mambo haya matatu tangu karne ya 19: damu inayokwenda polepole, mshipa uliojeruhiwa na damu iliyo tayari kuganda. Mama atakuwa nayo yote. Baba mdogo hakukosea kuogopa, ila anaogopa kitu cha wiki ijayo na dawa yake anataka imezwe wiki hii.

Kinga ya kipindi hicho ni kuinuka kitandani mapema, kuchezesha vifundo vya miguu, soksi za kubana au mashine ya kukamua miguu kama ipo, na kwa baadhi ya wagonjwa sindano za tumboni za enoksaparini, dawa ya kuzuia damu isigande. Sindano hizo hazianzi mara tu mtu anapotoka thieta. Anayejua kidonda kimekaukaje ndani ni aliyekipasua, mwacheni yeye aseme zianze lini.

Dawa_Mkononi

Sista kamaliza, nauliza tu: hiyo aspirini alipewa kwa sababu gani? Presha peke yake, au aliwahi kupata kiharusi, shambulio la moyo, au kuwekewa kijibomba kwenye mshipa wa moyo? Kama ni presha tu, kuisimamisha wiki moja hatari yake ni ndogo. Kama ana kijibomba, asiache mpaka daktari wa moyo na wa mgongo wazungumze. Na anameza nini kingine? Sizungumzii vya hospitali tu.

Mkwe_wa_Kasulu

Presha tu, hajawahi kiharusi wala ugonjwa wa moyo. Vingine: dawa ya presha, na diklofenaki ya duka la dawa, maumivu yakizidi. Yaani karibu kila siku.

Dawa_Mkononi

Nilijua. Kila mwenye mgongo nchi hii ana diklofenaki kwenye mkoba. Nayo inazubaisha chembe sahani, ingawa athari yake inaisha haraka kuliko ya aspirini, na kwa mtu wa presha na umri huo ina mambo yake kwenye figo. Mtajieni daktari, ampe ya maumivu isiyogusa chembe sahani, parasetamoli kwa mfano. Kitunguu swaumu na tangawizi kwenye mboga havina neno. Kuvinywa kama dozi kila asubuhi ndiko kunaweza kuongeza kutoka damu, kwa hiyo shangazi ataondoa aspirini mlango wa mbele na kurudisha kitu cha jamii hiyohiyo mlango wa nyuma.

Mzee_Baba_2

Mnamtisha bure. Mgongo haupasuliwi. Kuna mzee Bagamoyo anachua watu, wanarudi wanalima.

Sista_Thieta

Mzee wangu, shikamoo. Mfereji uliobana kwa mfupa hauchuliki.

Fundi_Umeme_Moro

Mzee umenikumbusha kuchua. Mimi nilipasuliwa diski. Nikiwa nimesharudi nyumbani, shavu la mguu wa kushoto likavimba, la moto, ukikanyaga linauma. Mke wangu akataka kuchua na mafuta ya nazi, jirani ambaye ni tabibu akamkataza palepale. Ultrasaundi ikaonyesha bonge. Lingechuliwa, kipande kingeweza kukatika na kusafiri kwenda mapafuni. Nilitumia dawa miezi kadhaa, leo napanda nguzo kama kawaida. Mkuu, waambie wote watakaomuuguza bimkubwa: mguu mmoja ukivimba hauchuliwi, unapelekwa hospitali. Akibanwa pumzi ghafla au kifua kikichoma akivuta hewa, hapo hakuna kusubiri asubuhi.

Sista_Thieta

Asante fundi. Niongeze dalili za lile donge la mgongoni: maumivu yanayozidi badala ya kupungua, miguu inayolegea upya, ganzi sehemu za siri na makalioni, mkojo kugoma. Mwite daktari saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane usiku na kila mtu amechoka.

Mkwe_wa_Kasulu

Asanteni sana. Kuna vipimo vya kujua kabla kama damu yake inaganda vizuri? Na nimesikia kuna sindano ya kuzuia damu isitoke.

Sista_Thieta

Vipo: FBP kuhesabu chembe sahani, na PT, INR na APTT kupima damu inachukua muda gani kuganda. Ila majibu ya INR na APTT yanaweza kuja safi huku aspirini imezilaza chembe sahani, maana havipimi hilo. Kwa hiyo msiseme "vipimo vizuri, aendelee kumeza". Daktari atawauliza pia kama aliwahi kutokwa damu sana akijifungua au aking'olewa jino. Swali hilo msilijibu kwa haraka, linafichua mengi. Na D-dimer, kipimo cha mabaki ya bonge la damu, msihangaike kuidai baada ya upasuaji, hupanda kwa karibu kila aliyepasuliwa.

Sindano unayosema ni asidi traneksamiki. Walioigundua ni Wajapani wawili, Utako Okamoto na mumewe Shosuke, miaka ya 60. Inalilinda bonge lililoziba kidonda lisiyeyushwe mapema. Uliza kama watampa, na waambie kama aliwahi kuwa na bonge la damu au degedege.

Kigogo_Mwisho

Na ndugu wakachangie damu mapema, msisubiri siku ya tukio mkaanza kutafutana kwenye simu.

Mkwe_wa_Kasulu

Nimemsomea mama huu uzi wote. Kakubali kuiacha, vidonge kampa mke wangu avitunze. Baba mdogo bado kanuna, ila kasema atachangia damu. Kesho naenda na orodha ya dawa zote, diklofenaki nimeiweka ya kwanza.

Dawa_Mkononi

Dawa ya presha asiiache, hiyo haihusiki na kuganda. Muulizeni dokta wa usingizi aimezeje asubuhi ya upasuaji. Na akiruhusiwa, msimpakie basi la kwenda Kigoma siku hiyohiyo. Atakaa muda mrefu miguu imekunjwa, na damu yake bado iko kwenye kile kipindi sista alichokieleza.